Leseni Moja kwa Baba na Mama

Akina mama wenzetu, hapa Minnesota, Marekani, tunakoishi, mtu hachukui mshipi na ndoana akateremka ziwani kama aendaye kisimani. Hata kuvua kwa kujifurahisha kuna leseni. Watoto wakazi walio chini ya miaka 16 hawaihitaji, ila sisi wakubwa tunaihitaji.

Katika kundi letu la akina mama wa kanisani habari hii ilianza kama lalamiko. Barafu ilipoyeyuka tu, waume zetu wakawa hawaonekani Jumamosi. Sisi tunaofanya kazi zamu za usiku tuliumia zaidi, maana siku hiyo ndiyo pekee tunayokaa na baba watoto mchana. Mwenzetu mmoja alisema amekuwa mjane wa ziwa. Tulicheka, lakini yeye alikuwa analia.

Ndipo tukagundua kwamba jimbo huuza leseni ya mume na mke kwa pamoja, na bei yake ni nafuu kuliko kukata mbili. Serikali imekuwa mshenga! Unaikata katika maduka mengi ya vifaa vya uvuvi, na mwaka wake huanza Machi 1 hadi mwisho wa Februari. Ili kulipa bei ya mkazi, uwe umeishi jimboni siku 60.

Wanataka pia nambari ya hifadhi ya jamii. Hapo wenzetu waliopitia kambi za wakimbizi waliingiwa na hofu. Huko walijifunza kwamba jina likiandikwa mahali, taabu hufuata. Tukawaeleza kwamba sheria ya nchi hii inaitaka nambari hiyo ili kuwasaka wazazi wanaokwepa matunzo ya watoto wao. Mama mmoja akasema, "Basi waandike mara mbili!"

Kwa anayetaka kujaribu kwanza, mwishoni mwa wiki ya Siku ya Mama, mwezi Mei, akina mama wakazi huvua bila leseni.

Sisi wauguzi tuna neno hapa. Samaki wakubwa wanaokula wenzao hukusanya zebaki mwilini, nayo hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kukaanga hakuiondoi, kwa kuwa imo ndani ya nyama yenyewe. Mjamzito, anayenyonyesha na watoto wadogo wale wale samaki wadogo, tena kwa kiasi. Hatusemi waache kabisa, kwani samaki humjenga mtoto. Idara ya Afya ya jimbo hutoa mwongozo wa kila aina na urefu wake, uombeni kliniki.

Wenzetu watatu wamekwisha kukata leseni hiyo na waume zao. Yule aliyelia hubeba chupa ya chai na chapati, na mumewe ndiye humtilia chambo, kwa sababu minyoo haiwezi. Wa nne mumewe amekataa, anasema ziwa ni la wanaume. Tunamwombea, na tumemshauri mkewe amwoneshe ile bei.