Kwenye Maji Yanayochemka ya Bogoria

Ukitoka Nakuru kwa barabara ya Marigat, nchi inabadilika upesi. Kabarak bado kuna kijani. Ukifika Mogotio, mashamba ya katani yamejipanga kando ya barabara, jua limeanza kuuma, na hapo ndipo unapovuka ikweta. Mbele kidogo wauza asali wamepanga chupa zao pembeni mwa lami, mbuzi wamesimama kwa miguu ya nyuma wakinyofoa majani ya migunga, na kadiri unavyoteremka bondeni ndivyo vichaka vya mathenge vinavyozidi kuziba kila uwazi. Nimeishi Nakuru tangu utotoni, na sikuwa nimewahi kufika Ziwa Bogoria.

Mimi ni mfamasia. Kilichonitoa nyuma ya kaunta ni dawa zenyewe. Miaka hii naona wagonjwa wakirudi na karatasi ya pili ya daktari, kisha ya tatu, kwa sababu kiuavijasumu cha kwanza hakikufua dafu. Vijidudu vimezizoea dawa tulizo nazo, na mpya zinatokea kwa nadra mno. Rafiki yangu mmoja, mwanabiolojia wa chuo kikuu, aliponiambia kwamba timu yake inakwenda Bogoria kutafuta bakteria wanaotengeneza kemikali za kuwaua bakteria wenzao, niliomba nafasi kwenye gari.

Njiani tulizungumza zaidi juu ya bahari kuliko ziwa. Kazi ya kutafuta dawa majini ilianza kutambulika huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanakemia Werner Bergmann alieleza kemikali ngeni alizozitoa kwenye sifongo wa bahari ya Florida. Kwa kuiga umbo la kemikali hizo, wanasayansi wengine walitengeneza sitarabini, dawa ambayo tangu mwaka 1969 inatumika kutibu saratani ya damu. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha zikonotidi, dawa ya maumivu makali iliyotokana na sumu ya konokono wa Bahari ya Pasifiki, na konokono wa jamii hiyo wapo hata kwenye matumbawe ya pwani yetu. Sifongo hana miguu ya kukimbia wala meno ya kuuma. Silaha yake ni kemikali. Dawa nyingi za majini zina asili ya namna hiyo: kiumbe dhaifu kilichobanwa kikajitengenezea kinga.

Basi Bonde la Ufa lina nini, lililo mbali hivyo na bahari? Lina maziwa ya magadi. Nakuru, Elementaita na Bogoria hayana mto unaoyatoa maji. Maji huingia, jua huyakausha, chumvi za magadi hubaki. Kipimo cha pH cha Bogoria ni karibu 10, ukali unaokaribia ule wa maji ya sabuni, na humo hakuna samaki hata mmoja. Lakini maji hayo yamejaa uhai usioonekana kwa macho. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, wakiwemo Romano Mwirichia na Hamadi Boga, pamoja na wenzao wa Ujerumani, walichapisha kazi yao juu ya bakteria waliowatenga kutoka Elementaita. Rafiki yangu aliisoma kazi hiyo akiwa mwanafunzi, na anasema ndiyo iliyomshawishi abaki nchini.

Harufu ya chemchemi za maji moto za Bogoria inakufikia kabla hujaziona. Ni harufu ya kiberiti, nzito, inayokaa kooni. Ziwa limefurika sana katika miaka ya karibuni. Sehemu za barabara ya zamani ya ufukweni zimezama pamoja na baadhi ya chemchemi za Loburu, ambako watalii walizoea kuchemsha mayai. Zilizobaki zinafoka kwa nguvu. Kwa kuwa ziwa liko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na mvuke unaotoka unatosha kubabua ngozi.

Nilidhani tutachota maji tu na kuondoka. Sivyo. Dada mmoja wa shahada ya uzamili alipiga magoti kando ya mfereji unaotoka kwenye chemchemi, akanionyesha rangi. Penye mchemko jiwe ni tupu, jeupe kwa chumvi. Hatua chache chini, maji yakishapoa kiasi, jiwe limevaa utando wa rangi ya machungwa. Chini zaidi utando ni kijani kibichi, laini, unaoteleza. Kila rangi ni kundi jingine la viumbe. Alikata kipande cha utando kwa kisu kilichochomwa motoni, akakisukuma ndani ya chupa ndogo, akaandika saa, joto, pH na mahali kwa kalamu isiyofutika. Kisha akahamia upande wa pili wa mfereji, akaanza upya. Matope ya ufukweni nayo yalichotwa kwa tabaka: la juu, la katikati, la chini jeusi linalonuka. Hakuharakisha hata mara moja. Chupa isiyo na maelezo, alisema, ni takataka.

Heroe walikuwa upande wa pili wa ghuba. Chakula chao kikuu ni sianobakteria aitwaye Arthrospira, ambaye chini ya hadubini anaonekana kama spiringi, na rangi yao ya waridi inatokana na chakula hicho. Mwaka 2003 Lothar Krienitz na wenzake walieleza kwamba utando wa chemchemi hizihizi za Bogoria una sumu za ini na za neva, wakazihusisha na vifo vya heroe, kwa maana ndege hao huja kwenye chemchemi kunywa na kuoga. Mimi kama mfamasia habari hiyo ilinigusa pale pale. Kemikali inayoweza kumwangusha heroe ni kemikali inayogusa kitu muhimu ndani ya chembe hai, na mtafutaji wa dawa hutafuta kemikali za aina hiyo, kisha huuliza kipimo.

Ziwa hili linadai deni pia, na sikutaka lipitwe juu juu. Mwaka 1992 Profesa William Grant wa Chuo Kikuu cha Leicester alikusanya sampuli kwenye maziwa ya magadi ya Kenya. Baadaye kampuni ya Genencor ikauza vimeng'enya vya kufifisha rangi ya jinzi na vya sabuni ya kufulia. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilidai kwamba faida ya mauzo hayo ilitokana na viumbe vya Bogoria na Nakuru bila idhini yake na bila mgao. Upande wa pili ukajibu kwamba kibali kilikuwepo. Mwaka 2007 KWS ilitia saini makubaliano na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa ulioanza kufanya kazi mwaka 2014, sasa zinadai idhini na masharti ya mgao kabla ya chupa ya kwanza kujazwa. Kwa maoni yangu zilichelewa, lakini ni afadhali zipo.

Na idhini si ya serikali peke yake. Waendorois, wenyeji wa eneo hili, waliondolewa kando ya ziwa kuanzia mwaka 1973, lilipotangazwa hifadhi. Februari 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ukatangazwa kwamba haki zao zilivunjwa. Kwao chemchemi ni mahali pa ibada na pa tiba, na chumvi yake ni afya ya mifugo. Kwa hiyo timu ilikuwa imepita kwanza kwa wazee wa kijiji cha Loboi, ikiwa na vibali mkononi, na mmoja wao alifuatana nasi mchana kutwa akiwa na fimbo yake na kofia ya kitambaa.

Tulipokuwa tukifunga masanduku ya barafu mzee huyo alimwita kiongozi wetu.

"Mwalimu, hii mmebeba mtaifanyia nini hasa?"

"Mzee, tutaiotesha kwenye sahani zenye magadi, kama kwao. Bakteria wakishaota, tunawaweka karibu na vijidudu vya ugonjwa. Wale watakaozuia ugonjwa kuota, hao ndio tutawafuata."

"Na wakikosekana?"

"Wengi watakosekana, mzee. Wengine watatupa kemikali iliyokwisha kujulikana zamani. Hata tukipata mpya, mpaka iwe dawa ni miaka mingi na fedha nyingi."

Mzee alitafakari. "Waliokuja zamani hawakurudi kutuambia walipata nini. Nyinyi mrudi hata mkikosa. Mje barazani, mseme kwa lugha tunayoielewa, na vijana wa shule wawepo."

Kiongozi wetu alifungua daftari la sampuli, akaandika sharti hilo chini ya orodha ya chupa, akamsomea. Mzee akaomba liongezwe jambo moja: picha za hivyo vijidudu, kubwa za kubandika ukutani, kwa shule ya Loboi. Likaandikwa.