Draiva ya Mzee

Bumu la kwanza la mwaka wa tatu liliingia Alhamisi. Kufikia Jumamosi jioni nilikuwa nimeshatoa laki moja na themanini kwa kitu ambacho mlinzi wa hosteli yetu aliniuliza kama ni cha kufukuzia mbwa. Nikamwambia ni draiva. Akaniuliza dereva wa nini.

Kwa mliowahi kuuona mchezo wa gofu kwenye TV ya kantini tu, mkisubiri Simba na Yanga zianze: begi la mchezaji haliruhusiwi kuzidi fimbo 14, na draiva ndiyo ndefu kuliko zote. Ina kichwa kinene kama embe dodo, na ndiyo inayopiga mpira wa kwanza wa shimo, ule uliopandishwa juu ya kijiti. Ndiyo fimbo inayowapa watu kiburi. Mtu anaweza kucheza vibaya mashimo yote 9, lakini akipiga draiva moja nzuri, jioni anaisimulia hiyo tu.

Baba yangu alikuwa kedi Arusha kwa karibu miaka thelathini. Kazi ya kedi ni kubeba begi la mtu mwingine, kujua upepo unatoka wapi na kunyamaza bosi akikosea. Jumatatu makedi walikuwa wanaruhusiwa kucheza wenyewe, na siku hiyo baba alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na draiva yake, Big Bertha ya chuma, aliyoachiwa na daktari mmoja mgeni aliyemaliza mkataba na kurudi kwao. Callaway waliitoa fimbo hiyo mwaka 1991 na kuipa jina la mzinga wa Wajerumani wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa macho ya leo kichwa chake ni kidogo, lakini baba aliipiga nayo mipira mpaka tukawa tunaipoteza. Mimi nilikuwa na miaka minane na kazi yangu ilikuwa kutazama mpira unapodondokea. Nikiukosa, nalipa kwa kutafuta majanini mpaka uonekane.

Nilipopangiwa kidato cha tano Tabora, draiva ile ikapotea. Baba alisema imeibiwa. Nikaamini, nikawalaani wezi, nikapanda basi na tranka langu jipya na godoro jipya. Ni likizo ya mwaka wa kwanza chuoni, tukichambua maharage, ndipo mama aliponiuliza kwa upole, "Hivi wewe godoro lile ulidhani lilitoka wapi?"

Tangu siku hiyo kila Jumatatu baba anaanzia shimo na fimbo namba 5. Wenzake wanamsubiri mbele.

Kwa hiyo nikaamua. Wanaojua kupiga pasi ndefu hawahitaji maelezo: chai unairuka, mchana unakula wali maharage saa tisa, usiku unalala mapema kabla njaa haijakumbuka. Bumu ni elfu kumi kwa siku. Ukijibana linabaki la kutosha. Nikampata muuzaji kwenye simu, tukakutana Mwenge. Fimbo ilikuwa inang'aa, nailoni bado haijatolewa, jina la kampuni kubwa ya Marekani limeandikwa kichwani. Ya nyuzi 9, mpini wenye herufi S, yaani mgumu. Nilichagua hivyo kwa makusudi, kwa sababu baba niliyekuwa namnunulia alikuwa yule wa nilipokuwa na miaka minane.

Usiku ule mwenzangu wa chumbani, anayesoma uhandisi, aliigeuzageuza bila kusema kitu. Halafu akatoa sumaku ya spika mbovu tunayoitumia kubandika ratiba, akaigusisha kwenye uso wa draiva, pale panapopiga mpira. Ikang'ata! Akaichomoa, akarudia, ikang'ata tena.

"Hapa kwenye mtandao wa kampuni wanasema uso ni titani," akasema. "Titani haishikwi na sumaku, shoga yangu."

Nikapiga simu ya muuzaji, haipatikani. Mpaka leo haipatikani. Wiki hiyo sikumwambia mtu mwingine yeyote, na wali maharage wa saa tisa ulikuwa mchungu.

Jumamosi iliyofuata nikapanda daladala mpaka uwanja mmoja wa gofu hapa Dar, nikamtafuta kedi mmoja ambaye wenzake humwita fundi kwa sababu anabadilisha mipini na kubandua raba za kushikia. Nilitegemea anicheke. Aliishika ile fimbo, akaipima uzito mkononi kama anayepima samaki, akaiegemeza ukutani. "Hii mpe mlinzi," akasema. Nikamkumbuka mlinzi wetu.

Kisha akatoa draiva kama sita za watu zilizoletwa kutengenezwa, na kwa saa nzima akanifundisha. Nawaandikia hapa niliyoyashika, maana najua wapo humu wanaoanza mchezo huu na mfuko ni uleule wetu.

Unaanza na uso. Uso wa draiva haujanyooka kama meza, umevimba kidogo, kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini. Weka rula juu yake. Rula ikilala bapa katikati, au mwanga ukipenya chini yake, uso umebonyea na chuma kimechoka. Kisha pita na ukucha pale uso unapokutana na paji la juu. Ufa wa draiva huanzia hapo, na unaweza kuwa mwembamba kama unywele. Ukigonga kwa kifundo cha kidole utasikia tofauti: nzima inalia, yenye ufa inakohoa. Tikisa kichwa karibu na sikio. Kikichakacha, mara nyingi ni gundi iliyobanduka ndani. Inakera lakini haiui fimbo, na ni hoja nzuri ya kushusha bei.

Mikwaruzo juu ya paji isikutishe. Inatokea mpigaji akipita chini mno ya mpira, kwa hiyo inamsema mwenye fimbo kuliko inavyoisema fimbo. Mpini ndio wa kuogopa. Ni wa kaboni, na unasuguana na vichwa vya fimbo nyingine begini miaka nenda rudi. Angalia sentimita chache juu ya kichwa: ukiona mkato ulioingia mpaka kwenye nyuzinyuzi, iache, hata kama unapewa bure, kwa sababu siku ikikatika kichwa kinaruka na hujui kitamwangukia nani. Shika kichwa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, usokote taratibu. Ikilia kama mlango, gundi ya shingo imeachia. Na pima urefu. Draiva nyingi za dukani zina inchi 45 na kitu. Ukikuta 43, kuna mtu aliikata, na mpini uliokatwa unakuwa mgumu kuliko herufi iliyoandikwa juu yake.

Raba ya kushikia ikiwa imeteleza kama sabuni, hiyo si kasoro, hubadilishwa kwa fedha ndogo. Draiva za siku hizi nyingi hufunguliwa shingoni ili kurekebisha pembe, kwa hiyo uliza spana yake maalumu iko wapi. Bila spana umenunua redio bila kitufe. Kuhusu sumaku, fundi aliongeza jambo ambalo mwenzangu hakulijua: usiibandike kwenye skrubu wala kwenye kipande cha uzito cha nyuma, huko hata fimbo halali inaweza kushika. Pima uso. Na uso wenyewe lazima uwe wa titani. Zipo mpya, kama TaylorMade Stealth ya 2022, ambazo uso ni kaboni.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni sheria. Wanaosimamia mchezo huu, R&A na USGA, wameweka ukomo. Kichwa kisizidi sentimita za ujazo 460, na uso usiwe na mruko kupita kiwango fulani. Viwanda vilishafika kwenye ukuta huo miaka mingi iliyopita. Kila mwaka tangazo linasema draiva mpya inapiga mbali zaidi, lakini mruko umefungwa kwa sheria. Kinachoendelea kuboreka ni msamaha, yaani ukipiga pembeni ya uso mpira haupotei sana. Kwa hiyo ya miaka minane au tisa iliyotunzwa vizuri haijaachwa mbali na ya leo, ila bei yake imeporomoka. R&A wana orodha ya vichwa vilivyokubaliwa kwenye tovuti yao, na ni bure kuitazama kabla ya kutoa hela. Mimi niliitazama baada.

Halafu fundi akauliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza.

"Mzee ana miaka mingapi?"

"Sitini na mbili."

"Anapigaje?"

Nikamwonyesha video aliyorekodi mama. Akaitazama mara tatu. Akasema anahitaji nyuzi 12, na mpini laini, wa R au chini yake.

Nilikasirika, nakiri. Nilimwambia baba yangu alikuwa anapitisha mpira juu ya mikaratusi. Fundi hakubishana. Alinielekeza kwa mtunza bustani aliyekuwa anamwagilia. "Maji yakiwa na presha, analaza bomba chini na yanafika. Presha ikipungua anafanyaje?" Analiinua. Ndiyo hivyo na mpira: mkono ukipungua kasi, nyuzi 9 zinaupiga mpira chini, unaanguka kabla haujasafiri. Nyuzi nyingi zinaunyanyua ukae hewani. Wanaume wengi wananunua nyuzi 9 kwa aibu, akasema, halafu wanailaumu fimbo.

Nilirudi Mwenge nimesimama kwenye daladala, nikiitazama ile video tena. Ilikuwa kweli. Kiuno hakizunguki kama zamani, na mwishoni anajishikiza na fimbo, kidogo tu, asionekane.

Nikasubiri bumu la pili. Katikati nilifundisha hesabu watoto wawili wa kidato cha pili Sinza. Fundi akanipigia mwishoni mwa Januari: kuna mzee mwanachama amenunua mpya, anauza TaylorMade M2 ya mwaka 2016, nyuzi 12, mpini R. Nikaenda na rula, sumaku na futi ya fundi cherehani. Mwenye fimbo alinitazama nikiikagua, akacheka, "Binti, unanunua draiva au unafanya sensa?" Alitaka laki nne. Nikamwonyesha mikwaruzo ya paji, raba iliyoteleza na kofia ya kichwa isiyokuwepo. Spana ilikuwepo. Tukamalizana laki tatu na ishirini, na fundi akakataa elfu kumi yangu. Alisema nimsalimie kedi mwenzake.

Nilisafiri nayo kwenda Arusha likizo fupi, nimeifunga kwenye khanga mbili, kati ya magoti safari nzima. Baba aliifungua sebuleni. Hakusema asante wala hakuuliza bei. Akaipindua, akaangalia chini ya kichwa.

"Kumi na mbili?"

"Ndiyo, baba."

"Hizi ni za akina mama."

Nikamwambia habari za presha na bomba. Akasema yeye alikuwa kwenye viwanja kabla huyo fundi wangu hajazaliwa. Mama akaingilia, akamwambia kama haitaki aiache atapikia ugali. Tukalala hivyo, kila mtu na lake.

Jumatatu alinigongea saa kumi na mbili asubuhi. "Mama, amka. Nani atatazama mpira?"

Njiani, begi likiwa begani kwangu, akasema bila kunitazama, "Ile haikuibiwa, unajua."

"Najua, baba."

"Basi vizuri."

Mpira wa kwanza aliupiga juu ya kichwa, ukabingirika hatua thelathini. Wenzake wakapata cha kusema. Akaweka wa pili. Nilisikia mlio, mzito na safi, nikatupa macho mbele pale ambapo mipira yake ilikuwa ikipita siku zote, chini ya matawi. Sikuona kitu. Nikamwambia samahani, nimeukosa.

"Unatazama chini," akasema. "Tazama juu."

Ulikuwa bado uko hewani. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari na hewa nyepesi inasaidia, sitaki kudanganya. Lakini siku hiyo hawakumsubiri mbele.

Mama ameshaishonea kofia ya uzi, ya maua, kutoka kwenye mabaki ya vitambaa vya makochi. Baba analalamikia yale maua kila wiki. Ila nimeambiwa kwamba huivua kofia mpira ukiwa tayari juu ya kijiti, na kuirudisha kabla mpira haujatua, ili kusiwe na atakayepata nafasi ya kusoma ile namba.