Jina Lililo Kwenye Mabano

Kendwa, Unguja

Mwanangu,

Huku wote hatujambo. Mama yako mguu umepoa, dau limetiwa kalafati, na pweza wamerudi mwambani. Barua hii nampa dereva wa daladala la 116 akuachie Darajani, kwa yule muuza viatu. Najua utacheka, useme ami angenirekodia sauti kwenye simu ikesha. Sauti utaisikiliza nusu huku unatembea. Karatasi utakaa nayo kitako.

Nataka kusema nawe juu ya Jumapili ile. Ulikuja na wageni wako wanne kutazama jua likizama, ukawakalisha chini ya mvinje, hatua kumi hivi kutoka pale nilipokuwa nasuka dema. Kiingereza changu si cha skuli, lakini nimewauzia samaki watu wa hoteli miaka mingi, kinanitosha. Nikakusikia ukiwahadithia mwimbaji Freddie Mercury. Ukawaambia alizaliwa katika ile nyumba ya Shangani wanayoipiga picha. Ukawaambia bendi yake ilikuwa imevunjika, ikapatana siku chache tu kabla ya tamasha la Wembley, na kwamba alipopanda jukwaani siku ile alikuwa keshajua ana maradhi yatakayomuua. Yule mama mwenye kofia akajifuta machozi. Mie nikaendelea na dema langu. Sikutaka kukuaibisha mbele ya wageni, na tena ulihadithia vizuri, hilo sikunyimi. Ila yale ya bendi na ya maradhi umeyatoa kwenye picha ile ya sinema ya maisha yake uliyoitazama katika simu.

Nami picha ile nimeiona. Hukulijua hilo, maana sikuwahi kulisema. Mtu wa umri wangu akisema kaenda sinema, watu wa msikitini wanamtazama mara mbili.

Ilikuwa Novemba 2018, nilipokwenda Uingereza kwa dada yako. Anakaa Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, na ndege zinapita juu ya paa mpaka vikombe vinalia kabatini. Saa kumi jioni kiza kishaingia. Siku ya tatu nimeketi ndani kama kuku aliyeatamia, akaniambia, “Baba, vaa makoti yako, nakupeleka ukamwone mtoto wa kwenu.” Nikafikiri kuna maiti au harusi.

Kumbe sinema. Si jumba lenye ukumbi mmoja tulilolizoea sisi. Hili kumbi zake unazihesabu kama vyumba vya hospitali, kila mmoja na picha yake, na katikati duka la bisi wanazouza kwa ndoo. Tiketi dada yako kazinunua kwa simu tangu nyumbani, na viti tulishachaguliwa namba. Kiti chenyewe ukikibonyeza kinalala nawe. Matangazo yalikaribia nusu saa, nikamuuliza kama hiyo ndiyo picha yenyewe. Halafu taa zikazimwa, na sauti ikatoka kwenye kuta, kwenye dari, chini ya miguu, nikaisikia katika mbavu.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni kimya cha watu. Mimi nimelelewa sinema za kelele. Mwaka 1963, nikiwa na miaka kumi, babu yako alikuwa akinichukua mjini kwa gari la shamba akienda kuuza samaki, na akipata bei nzuri tunalala mjini tuone picha. Kulikuwa na Empire pale Darajani, Sultana kule Malindi, iliyokuja kuitwa Cine Afrique baada ya Mapinduzi, na Majestic kule Vuga. Sisi tulikaa mbele kabisa, shingo juu. Stelingi akiviziwa na adui, ukumbi mzima unampigia kelele ageuke. Raj Kapoor akiimba, watu wanaimba naye Kihindi wasichokijua. Asubuhi yake ukirudi Kendwa wewe ndiye sinema ya waliobaki: unahadithia picha nzima chini ya mkungu, na kila mara inazidi urefu.

Majestic ile nataka uijue vizuri, kwa sababu unapita mbele yake na wageni bila kuwaambia neno. Ilianza kwa jina la Royal, mwaka 1921, kwa ramani ya Sinclair, Mwingereza yule yule aliyechora Mahkama Kuu iliyo hatua chache tu kutoka hapo. Iliungua 1954, ikajengwa upya kwa sura nyingine. Sasa shika hili: baba yake Freddie, mzee Bomi Bulsara, alikuwa karani wa fedha katika Mahkama Kuu hiyo. Na mwaka ule 1963 niliokuwa nikivunja shingo viti vya mbele, mwanawe alikuwa karudi Unguja kutoka skuli ya bweni ya Panchgani, India, alikopelekwa akiwa na miaka minane. Sisemi kwamba tulikaa ukumbi mmoja. Ukianza kusema hivyo ushakuwa mtengeneza picha.

Basi nikakaa kutazama. Namwona kijana anapakua mizigo ya wasafiri Heathrow, pale pale nilipotua siku tatu nyuma. Mtu anamtukana kwa kumwita Mpakistani, naye anajibu kwamba hatoki Pakistan. Nikasogea mbele katika kiti. Nikasema moyoni, haya, sasa sema unakotoka. Hakusema. Mbele kidogo jina la Zanzibar linapita katika mazungumzo nyumbani kwa wazazi wake, kama bakuli la mchuzi linavyopitishwa mezani, halafu mazungumzo yanahamia kwengine. Tumekwisha. Picha inaanza 1970 na kufika kileleni 1985, na miaka yake ya kwanza kumi na saba, Unguja na India, imeachwa nje ya mlango.

Lakini nisiidhulumu. Yule Rami Malek, mtoto wa Wamisri waliohamia Marekani, kacheza mpaka ukasahau kuwa ana meno ya bandia. Oscar aliyopewa ni haki yake. Baba mtu naye kachezwa kwa adabu, mzee wa Kiparsi anayemkumbusha mwanawe nia njema, maneno mema na matendo mema, kama dini yao inavyofundisha. Na katikati ya ule wimbo wao mkubwa nikasikia neno ambalo mimi hulitamka kabla ya kutia tonge kinywani. Nikamgeukia dada yako. Akaniwekea kidole mdomoni: shh, baba.

Mwisho ndiyo Wembley, tamasha la tarehe 13 Julai 1985. Dakika ishirini hivi, mtu mmoja kawashika watu elfu sabini kama mvuvi aliyeshika mshipi. Nililia? Nililia, kama yule mama mwenye kofia. Ila sikulia kwa ajili ya maradhi. Lilinijia kwamba tamasha lile lilifanywa kuchangia wenye njaa wa Ethiopia, na mtu huyu aliyezaliwa pwani yetu ndiye aliyeliteka, na katika ukumbi ule wote huenda mimi na dada yako pekee tulikuwa tukifikiri hivyo.

Tulipotoka nikamuuliza kama yote ni kweli. Akanicheka. Siku tatu zilizofuata alinisomea kila jioni akirudi kazini, na ninayokuambia sasa ndiyo niliyoyapata.

Bendi haikuvunjika. Walikuwa safarini wakipiga muziki mpaka Mei 1985, wakamalizia Japani, na Julai wakapanda Wembley na vidole bado vya moto. Picha inasema ugomvi ulizuka kwa sababu Freddie alitaka albamu ya peke yake. Roger Taylor, mpiga ngoma wao, alikuwa keshatoa mbili za kwake kabla. Wala Freddie hakukutana na wenzake nje ya ukumbi usiku mmoja kwa bahati, dakika ile ile mwimbaji wao alipowaacha. Huyo mwimbaji, Tim Staffell, alikuwa mwenzake katika chuo cha sanaa cha Ealing, na bendi yao akiifuata siku nyingi. Na maradhi: Jim Hutton, aliyeishi naye, alisema Freddie alijua mwaka 1987, miaka miwili baada ya Wembley. Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991, na miaka arubaini na mitano.

Kwa hivyo jukwaani siku ile hakuwa mtu anayeaga. Alikuwa mwimbaji anayefanya kazi yake barabara, basi. Mimi naona hilo ni kubwa zaidi, lakini halitoi machozi, ndiyo maana wakalihamisha jambo la 1987 wakalitia 1985. Siwalaumu sana. Mie mwenyewe chini ya mkungu nilimpa Raj Kapoor ndugu asiyekuwa naye. Tofauti ni kuwa waliokuwa wakinisikiliza mimi walikuwa watoto wa Kendwa, na mimi sikuwa nimevaa kitambulisho cha mtembeza wageni.

Na la Shangani nalo uliache. Alizaliwa hospitali ya serikali, Mji Mkongwe, tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh. Kwenye nyumba sema walikaa hapa au wanasemwa kukaa hapa, na ile iliyofanywa makumbusho 2019 iite makumbusho. Mapapasi waachie kuzaa watu kila mlango.

La Mapinduzi ndilo litakalokupa tabu. Mgeni atakuuliza kwa nini akina Bulsara waliondoka, na picha haikusaidii, kwa sababu haina hata nukta ya 1964. Familia iliondoka mwaka huo, yeye na miaka kumi na saba, wakaenda kukaa Feltham. Sisi Januari ile ilitukuta hapa hapa Kendwa. Nakumbuka watu wazima wamezunguka redio na hakuna aliyekohoa. Kila nyumba ya kisiwa hiki ina hadithi yake ya mwaka ule, na hazifanani. Mwambie mgeni mwaka, mwambie waliondoka wengi, Waarabu na Wahindi na Waparsi, wengine kwa hofu na wengine kwa kufukuzwa na njaa ya kazi. Usimfanyie picha.

Kuna na jengine, utaniona mzee wa ajabu. Mwaka 2006, mwaka ambao angetimiza miaka sitini, palikuwa na mpango wa kumfanyia sherehe mjini. Watu wa jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho wakapinga kwa sababu ya maisha aliyoishi, ikafutwa. Mimi wakati ule niliwaunga mkono, na katika maisha yake yamo ambayo hata leo siwezi kuyasifu, na Mola ndiye anayejua. Lakini baada ya kukaa katika ukumbi ule, nikingoja mtu mmoja aseme anakotoka na asiseme, nilitoka nimeudhika kama aliyeibiwa. Sasa sisi tumlaumu nani, ikiwa hata keki ya siku ya kuzaliwa tulimkatalia? Sijapata jibu.

Kabla sijarudi nilimwomba dada yako anipeleke nyumbani kwao, Gladstone Avenue. Si mbali. Nyumba ya kawaida, imebanwa na jirani kama zetu za Ng'ambo, na ukutani kibao cha buluu cha mviringo kilichowekwa 2016. Jina la kisanii limeandikwa kwa herufi kubwa, chini yake, kwenye mabano, Fred Bulsara, halafu miaka yake na kwamba aliishi hapo. Zanzibar haimo. Mvua ilikuwa inanyunya, pazia la dirisha likatikisika, nikaona tusiwasumbue watu.

Ijumaa baada ya sala nipo mjini kununua kamba. Nikute mbele ya Majestic, tutembee mpaka Mahkama, nataka nihesabu hatua mwenyewe ili ukiwaambia wageni useme hesabu ya kweli. Nimekutilia humu picha aliyonipiga dada yako mbele ya ule ukuta. Kibao hakisomeki vizuri kwa mvua, lakini mabano yanaonekana. Aliyevaa makoti mawili ndiye mimi.

Ami yako