Bonde la Ahr: mizabibu, maji moto na mto

Juma hili safari yetu ni ya mbali. Tunawapeleka Ujerumani, katika bonde la mto Ahr, karibu na mji wa Bonn. Mto wenyewe ni mdogo, urefu wake haufiki kilomita 90. Unaanzia Blankenheim, chini ya nyumba moja ya zamani, unashuka ukijipinda katikati ya vilima, kisha unaingia katika mto mkubwa wa Rhine karibu na mji wa Sinzig.

Watu wanakuja hapa kwa sababu tatu: divai nyekundu, maji moto ya kutuliza mwili, na njia za kutembea kwa miguu zinazoufuata mto. Sisi tumezifurahia zote tatu. Lakini tumeondoka na jambo la nne, ambalo linahusu nyumba zetu sisi wenyewe, na ndilo limetufanya tuandike.

Mji wa maji ya dawa

Mji mkubwa wa bonde hili kwa sasa unaitwa Bad Neuenahr-Ahrweiler. Neno "Bad" kwa Kijerumani ni kuoga. Ukiona mji wenye neno hilo mbele ya jina lake, ujue ni mji wa maji ya dawa. Hapa kazi hiyo ilianza mwaka 1858. Tangu wakati ule wagonjwa wa tumbo, wa viungo na wenye uchovu wa muda mrefu wanakuja kunywa maji ya chemchemi, kuoga, na kutembea polepole chini ya miti kando ya mto.

Maji yale yanapata nguvu yake wapi? Ni kwa volkano. Vilima vya Eifel vilivyo jirani vimezaliwa na moto wa ardhini. Upande wa kusini kidogo kuna ziwa la Laacher See, lililokaa mahali ambapo volkano ililipuka kwa nguvu sana kama miaka 13,000 iliyopita. Moto umelala, lakini gesi bado inapanda kutoka chini.

Wamama wa Goma wanaijua gesi hiyo. Ni ileile ya mazuku, inayojikusanya mahali palipo chini na kuua mbuzi, na wakati mwingine watoto. Katika bonde la Ahr inaingia ndani ya maji na kuyafanya yachemke mapovu bila moto. Wenyeji wanasimulia kwamba mwaka 1852 mwenye shamba mmoja, Georg Kreuzberg, aliona mizabibu yake inakufa kila mara mahali pamoja. Alichimba ili aone sababu, akakuta chemchemi yenye gesi. Aliipa jina la mtakatifu Apollinaris, na maji yake yakauzwa katika chupa hadi ng'ambo ya bahari. Kitu kilichoua shamba kikaja kulisha mji.

Njia ya divai nyekundu

Kutoka Bad Bodendorf mpaka Altenahr kuna njia ya miguu ya kama kilomita 35, iliyofunguliwa mwaka 1972. Alama yake ni kichala cha zabibu nyekundu, kwa hiyo hata asiyejua Kijerumani hapotei. Hakuna anayelazimika kuitembea yote. Unashika kipande kimoja asubuhi, unashuka kijijini kula, unarudi na treni au basi.

Njia inapita katikati ya mlima. Juu yako ni msitu. Chini yako ni mizabibu iliyopangwa mistari kwa mistari, kisha paa za nyumba, kisha reli na mto. Mashamba yanashikwa na kuta za mawe yaliyopangwa kwa mkono, bila sima. Mawe yenyewe ni meusi na bapa. Mchana yanakunywa joto la jua, usiku yanalirudisha polepole kwa mizabibu, na ndiyo maana zabibu nyekundu zinaiva vizuri katika nchi yenye baridi kama hii. Zaidi ya nusu ya mashamba ya bonde hili ni ya aina moja ya zabibu nyekundu, inayoitwa Spätburgunder.

Mwanamke wa Kalehe au wa Walungu angeitambua kazi hii mara moja. Mteremko ni mkali, mashine haziwezi kupita mahali pengi, na mvua ikinyesha udongo unataka kushuka wote. Kwa hiyo watu wanapanda na makasi yao, wanakata, wanafunga matawi, wanabeba mavuno. Ukuta ukianguka, unajengwa tena jiwe kwa jiwe. Anayeuacha mwaka mmoja anapoteza shamba mwaka wa pili.

Njiani kuna vijiji vyenye majina mafupi: Marienthal, Dernau, Rech. Ahrweiler bado ina ukuta wake wa zamani wenye milango minne, na kanisa lake kubwa lilianza kujengwa mwaka 1269. Asiyekunywa pombe haoni aibu, kwa kuwa maji ya zabibu yasiyochacha yanauzwa kila mahali, na watoto wanayapenda.

Chini ya mizabibu hiyo kuna kitu kingine ambacho hakionekani. Wakati wa hofu ya vita vya nyuklia, Leta ya Ujerumani Magharibi ilichimba humo maficho ya siri yenye njia za kilomita 17, ili watu 3,000 wa serikali waweze kuishi ndani kwa siku 30. Vita haikuja. Tangu mwaka 2008 sehemu yake ni makumbusho, na wageni wanaingia kutazama vitanda na simu za zamani.

Wakulima 18 wa Mayschoß

Ukifika kijiji cha Mayschoß, simama. Mwaka 1868 wakulima 18 wa hapa walijiunga kufanya koperative ya divai. Mpaka leo inahesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake duniani kati ya zile ambazo bado zinafanya kazi.

Wakati ule walikuwa maskini. Kila mmoja alikuwa na kipande kidogo cha shamba. Zabibu zikiiva haziwezi kungoja, na mchuuzi alijua hilo. Alikuja, akataja bei yake, na mkulima akakubali kwa sababu hakuwa na pipa wala mahali pa kuhifadhi. Wengi waliuza mashamba wakahamia Amerika. Wale 18 waliweka zabibu zao pamoja, wakakamua pamoja, wakahifadhi pamoja, wakauza wakati wenye bei nzuri. Siku zilezile, ng'ambo ya mto Rhine, Friedrich Wilhelm Raiffeisen alikuwa anawafundisha watu wa vijijini kuweka akiba na kukopeshana wao kwa wao.

Wamama, jambo hili si geni kwetu. Sisi tuko na likilimba, tuko na MUSO na sanduku lake la kufuli. Hesabu ni ileile: mmoja peke yake anauza kwa haraka, wengi pamoja wanaweza kungoja.

Usiku wa tarehe 14 Julai 2021

Mwaka 2021 sisi wa Kivu tunaukumbuka kwa Nyiragongo, iliyotapika tarehe 22 Mei. Wiki saba baadaye, tarehe 14 Julai, mvua ilinyesha siku nzima juu ya Eifel. Udongo ulikuwa umekwisha kushiba maji. Bonde la Ahr ni jembamba kama mfereji, basi kila kijito kilikimbilia mahali pamoja.

Pale Altenahr kuna kipimo cha maji. Kabla ya siku ile, kiwango cha juu kilichowahi kuandikwa pale kilikuwa karibu mita 3.7, mwaka 2016. Usiku ule maji yalikipita kipimo na kukivunja. Zaidi ya watu 130 walikufa katika bonde hili. Zaidi ya madaraja 60 yalibomoka. Daraja la mawe la Rech, lililokuwa limevumilia mafuriko makubwa ya mwaka 1910, safari hii lilivunjwa. Nyumba za kuogea za Bad Neuenahr ziliingiliwa na matope. Karibu watengenezaji wote wa divai walipoteza mapipa, mashine na chupa.

Pale Dernau, dada wawili wanaoongoza shamba la familia yao, Meike na Dörte Näkel, walibebwa na maji. Walishika mti mmoja na kukaa wameushika kwa saa nyingi gizani, mpaka wakaokolewa.

Mizabibu mingi ilipona, kwa sababu iko juu. Waliopotea ni watu, kwa sababu nyumba ziko chini. Ukisimama katika njia ile leo, unaona bado uwanja mtupu mahali palipokuwa na nyumba, na ukuta mpya karibu na ukuta wenye alama ya matope.

Wiki chache baadaye zabibu ziliiva. Wakulima wa mabonde mengine, ambao katika soko ni wapinzani wao, walikuja na matrakta na mikono yao kuwasaidia kuvuna. Chupa zilizotolewa katika tope hazikuoshwa. Ziliuzwa hivyo hivyo, na watu wa nchi nzima wakachanga zaidi ya euro milioni 4 kwa njia hiyo.

Mto ulikuwa umekwisha kusema

Tulisikia watu wengi wakisema hakuna aliyeweza kuwaza maji kama yale. Lakini mto ulikuwa umekwisha kuyaleta. Mwezi wa Julai 1804 mafuriko yaliua watu 63 katika bonde hilihili. Mwezi wa Juni 1910 yaliua tena zaidi ya watu 50. Ramani za Leta za kuonyesha mahali pa hatari zilihesabu tu miaka ambayo kipimo cha Altenahr kilikuwepo, yaani tangu miaka ya 1940. Ya babu na nyanya hayakuingia. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Bonn waliyahesabu na kuyaandika mwaka 2014, wakaonyesha ukubwa wa maji ya mwaka 1804. Ramani zilibaki kama zilivyokuwa.

Na usiku wenyewe? Amri ya kuhama ilitolewa saa tano na dakika tisa. Ilisema wahame walio ndani ya mita 50 kutoka mto. Saa hiyo, kule juu katika kijiji cha Schuld, maji yalikuwa yamekwisha kubeba nyumba. Kule chini, Sinzig, yalikuwa hayajafika. Pale Sinzig kulikuwa na nyumba ya watu wenye ulemavu. Haikuwa ndani ya zile mita 50. Maji yalipofika, watu 12 waliokuwa wamelala vyumba vya chini walikufa.

Tuliposikia habari hiyo tulinyamaza, kwa sababu tuliwaza Kalehe. Tarehe 4 Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi, maji na mawe yalishuka mlimani na kuua zaidi ya watu 400, na wengi wengine hawakuonekana tena. Sisi hatuna hela za Ujerumani. Lakini Ahr inatuonyesha kwamba hela, maficho ya kilomita 17 na ramani nzuri haviokoi mtu kama habari haikutoka kwa aliye juu na kufika kwa aliye chini. Na habari hiyo haihitaji hela nyingi.

Tuzungumze katika vikundi

Mkutano wenu ujao, baada ya kuhesabu akiba, chukueni nusu saa kwa mambo haya manne.

Kwanza, ulizeni wazee: maji ya mto wetu yaliwahi kufika wapi? Wakionyesha jiwe au mti, pigeni alama ya rangi juu yake, ili watoto waione.

Pili, andikeni namba ya simu ya mama mmoja anayekaa juu ya mto na ya mama mmoja anayekaa chini. Mvua ikizidi juu, apige simu mara moja, hata usiku. Kati ya Schuld na Sinzig maji yalichukua saa nyingi. Saa hizo zingetosha kuamsha kila mtu.

Tatu, kubalianeni mahali pa kukimbilia. Msiangalie umbali peke yake, angalieni urefu wa mahali. Mita 50 pembeni ya mto bado ni bondeni, lakini hatua 50 kwenda juu ya mlima zinaweza kuokoa.

Nne, hesabuni nani hawezi kukimbia mwenyewe: mzee, mzazi wa juzi, mtoto mwenye ulemavu. Kila mmoja wao apewe jirani wawili wa kumbeba, na majina yaandikwe.

Mizabibu ya Ahr imechanua tena, na wageni wanarudi. Bonde ni zuri, tena zuri sana. Ukipata nafasi ya kufika upande ule, shika njia ya zabibu nyekundu kuanzia asubuhi, na maji ya Apollinaris mkononi. Ukifika kijijini, tafuta katika kuta za nyumba alama za maji ya zamani. Zisome kwanza, kisha uketi ule.