Singida, mji ambao kuku wanakunywa pilipili

Ukitaka kuijua Singida, msomaji wangu, usianzie mjini, anzia barabarani. Ukishaiacha Manyoni ukitokea Dodoma, basi likisimama tu madirisha yanajaa kuku. Jogoo ananing'inizwa miguu juu kichwa chini, muuzaji anataja bei, abiria anaivunja nusu, dereva anapiga honi. Mara nyingi biashara inamalizika gari limeshaanza kutambaa!

Mji wenyewe umekaa kati ya mawe makubwa kama nyumba, na pembeni kuna maziwa mawili ya maji chumvi, Singidani na Kindai. Nchi ni kavu na upepo wake hauna adabu. Watu wanategemea alizeti, vitunguu, asali na hao kuku. Kwa akina mama wengi kuku ndiyo benki: ada humo humo, nauli ya hospitali humo humo.

Sasa piga hodi uingie uani. Kitu cha kwanza kitakachokushangaza ni chombo cha maji ya kuku, maana maji hayana rangi ya maji. Huyu katumbukiza mshubiri uliokatwakatwa, yule mwarobaini, na mwingine katwanga pilipili kichaa na vitunguu saumu.

"Shikamoo mama. Hawa kuku hawawashwi?"

"Marahaba mwanangu. Wewe ulishaona kuku akilia machozi kwa pilipili?"

Na kweli bwana! Ndege hausikii ule ukali kama sisi. Ndiyo maana huko porini wanakula pilipili bila wasiwasi na kutawanya mbegu zake.

Kuku wa kienyeji anaokota chini kutwa nzima, kwa hiyo tumbo ndilo mlango wa maradhi. Vijidudu vya koksidia vikimkaa utumboni, kifaranga anaharisha damu, anashusha mbawa na kusinzia. Vitunguu saumu vikipondwa hutoa alisini, kitu kinachoua bakteria. Mshubiri nao, katika majaribio kadhaa, umepunguza madhara ya koksidia. Majani ya mlonge yana protini na vitamini A. Ila kipimo ni muhimu: mwarobaini ukizidi, maji yanakuwa machungu, kuku anayasusa na kudumaa.

Msicheke mkadhani haya ni mambo ya ushamba. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuwalisha mifugo antibiotiki za kuwakuza kuanzia Januari 1, 2006, kwa kuogopa vijidudu kuwa sugu. Leo viwanda vya huko vinachanganya mafuta ya oregano na vitunguu saumu kwenye chakula cha kuku. Wanauziana kwa bei kitu ambacho mama wa Singida anakichuma nyuma ya nyumba.

Lakini nyumba ya tatu niliyoingia ilininyamazisha. Ndoo ya mshubiri ilikuwepo, imejaa. Kuku hakuna hata mmoja. Kideri kilipita, kikafagia banda lote, na ada ya mtoto ikaenda nacho.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kuku mwenye kideri naye huharisha, tena kijani, basi mwenyewe anadhani ni tumbo na anaongeza majani. Kideri ni kirusi, ndugu yangu. Hakijui mshubiri wala pilipili. Kinachokizuia ni chanjo, na ipo ya I-2 inayovumilia joto kuliko chanjo nyingine: tone moja jichoni, kila miezi mitatu, kuku akiwa bado mzima. Majani yalinde tumbo, chanjo ilinde roho.

Kwa hiyo ukinunua jogoo wako dirishani, usimwachie kwa wenzake siku hiyo hiyo. Mtenge wiki mbili umtazame. Wazee walishasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na safari hii kamba hiyo ni dawa!