Kutu Nyeupe: Funzo la Chombo Kikuukuu

Wahenga wetu walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Aghalabu methali hii huibuka madarasani tunapojadili maadili. Ni nadra kuisoma kama kauli ya kiufundi. Mimi niliipata maana yake ya kwanza ufukweni Kilifi, katika likizo ndefu, nilipomsaidia mjomba wangu kukarabati katamarani yake iliyokuwa imekula chumvi nyingi kwa kila maana ya msemo huo.

Yafaa nikieleze chombo chenyewe. Katamarani ya ufukweni ina viwiliwili viwili vyembamba vya faibaglasi vinavyounganishwa na fremu ya mabomba ya alumini. Fremu hiyo hukalia nguzo nne fupi, na katika kila pembe pana kifundo kinachoyashika mabomba kwa ribiti. Mlingoti husimama juu ya bomba la mbele, ukizuiwa na waya za chuma kisichoshika kutu. Vyombo vya aina hii vilienea duniani baada ya Hobie Alter wa California, Marekani, kuanza kuuza Hobie 14 mwaka 1968. Jina lenyewe, hata hivyo, halikuzaliwa huko. Asili yake ni Kitamili: kattu ni kufunga, maram ni mti. Katamarani, basi, ni miti iliyofungwa.

Mjomba huitumia kuwatembeza wageni msimu wa kaskazi, na nauli yao ndiyo karo na ndiyo unga. Mwaka huo chombo kilikuwa kikilia. Kila wimbi lilipopita, kiwiliwili kimoja kiliinuka na cha pili kikachelewa kukifuata. Tulipoziondoa ribiti, tulikuta ungaunga mweupe umejaa matunduni. Ama kwa hakika ilikuwa kutu, ila si ile nyekundu tuizoeayo. Metali mbili tofauti zikigusana katika maji ya chumvi, hutenda kama betri, na ile iliyo dhaifu ndiyo iliwayo. Bolti za chuma zilikuwa ziking'aa kama mpya; alumini iliyozizunguka ilikuwa imegeuka vumbi. Kilichopendeza macho ndicho kilichokuwa kikimwangamiza jirani yake.

Kazi ilituchukua siku kadhaa. Tulisugua mabomba kwa brashi, tukakitupa kifundo kimoja kilichokuwa na ufa na kukibadilisha kwa kingine kilichotolewa katika katamarani iliyokwisha kufa. Tulipofunga upya, tulitia washa za plastiki na grisi nzito ili metali hizo zisigusane tena.

Aliyetuongoza ni mzee mmoja, fundi wa ngalawa, ambaye sote twamwita Babu. Bomba la mbele aliliita tengo, kwa kuwa katika ngalawa tengo ni boriti inayokatiza chombo na kushika marengu ya pembeni. Kitako cha mlingoti alikiita mwashiri, ingawa katika jahazi mwashiri ni gogo la ndani kabisa, chini ya chombo. Nasi vyuoni twaijua mbinu hiyo kwa jina la upanuzi wa maana. Babu aliitumia pasi na kuitisha kongamano, na kila aliyekuwa pale alielewa ni kipi cha kushika.

Alitufunza pia tofauti. Tengo la ngalawa hufungwa kwa kamba; kamba ikilegea, jicho huona na mkono hukaza. Ribiti huficha maradhi yake hadi siku ya kuvunjika.

Mzozo ulizuka tulipofikia waya za mlingoti. Karibu na ncha ya waya mmoja, uzi mmoja ulikuwa umekatika. Wageni walikuwa wamekwisha kuagiza safari ya Jumamosi.

"Mpwa wangu, ni uzi mmoja tu," mjomba aliniambia. "Zimebaki kumi na nane."

Babu hakuinua uso. "Hizo kumi na nane," alisema, "zilizaliwa siku moja na huo uliokatika."

Mjomba alinyamaza kitambo, kisha akaenda kuwaarifu wageni kuwa hakuna safari. Waya zote ziliagizwa Mombasa. Kaskazi ilivuma siku tisa chombo kikiwa mchangani, na akiba ya kununulia mabati ya nyumba ikaishia kwenye waya. Alinung'unika, na alikuwa na haki ya kunung'unika. Hakuna aliyemshukuru kwa ajali isiyotokea, maana ajali ya namna hiyo haina shahidi.

Nimeyaandika haya kwa kuwa lugha nayo ni miti iliyofungwa. Twajisifu kwa istilahi zing'aazo, tukizipigilia katika vitabu vyetu, huku maneno ya mafundi yakilika kimyakimya kando yake. Kila mzee wa pwani anapoaga dunia bila kuhojiwa, uzi mmoja hukatika, nasi hujiliwaza kwamba zimebaki nyingi. Wala hatuulizi zilizobaki zina umri gani.

Kwa hiyo, wanachama wenzangu, likizo ijayo teremkeni ufukweni, karakanani na gatini mkiwa na daftari. Kwanza shikeni kamba na brashi, maana fundi hamfafanulii mtu asiyechafuka mikono. Kisha ulizeni: hiki chaitwaje? Mwandike jibu siku iyo hiyo.