Kopo la Jumapili na Kopo la Shambani

Huku kwetu Kalembe, mahali Masisi inapokutana na Walikale, Wakristu si wabahili. Tangu vita vya M23 vilipoanza tena mwisho wa mwaka 2021, watu wengi waliokimbia makwao wamepita hapa, na wengine wamekaa. Kila shirika limewatolea kitu: maharagwe, mihogo, sabuni, pengine chumba cha nyuma. (Shirika ndiyo jumuiya ndogo ya majirani, njia ambayo maaskofu wa Kongo waliichagua tangu mwaka 1961.) Hata Oktoba 2024, vita vilipofika Kalembe yenyewe, waliorudi nyumbani waligawana na wageni kile kidogo walichokikuta.

Kwa hiyo nilipoanza mafundisho ya Haki na Amani, baba mmoja aliniuliza: “Katekista, haki ya nini tena? Sisi si tunatoa?”

Swali lake ni zuri, na Kanisa limelijibu. Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII aliandika ya kuwa mshahara wa mfanyakazi lazima utoshe kumlisha, hata kama yeye mwenyewe, kwa shida yake, amekubali kupokea chini ya hapo. Na mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya utume wa walei, ulifundisha kwamba yapasa kwanza kulipa deni la haki, tusije tukampa mtu kama zawadi ya mapendo kitu ambacho tayari ni chake.

Niliyasema hayo, watu wakaitikia kwa vichwa. Ndipo akasimama mama mmoja, mkimbizi, ambaye hulima mashamba ya wengine ili apate chakula. Akasema: “Jumapili mnanipa maharagwe kwa kopo lenye kitako cha kweli. Siku ya kazi ninapimiwa kwa kopo lililopigwa chini.”

Wengine walicheka, kisha kimya. Kila mtu anayejua soko anajua kopo hilo. Hugongwa kitako mpaka kiingie ndani. Juu linaonekana limejaa, chini ni udanganyifu. Si ujanja mpya: nabii Amosi aliwakemea wenye kupunguza kipimo, karne nyingi kabla ya Kristu.

Mwenye shamba mmoja alijitetea, na sitaki kumdharau. Alisema yeye si tajiri. Mbegu ni ghali, kwenye vizuizi vya barabarani analipa, sokoni mchuuzi ndiye anayetaja bei, na safari nyingine wenye bunduki huvuna kabla yake. Yote ni kweli. Lakini hasara hiyo inashuka kwa nani? Inashuka mpaka kwa yule asiye na mtu wa chini yake. Sheria ya Musa iliagiza kibarua alipwe kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na moyo wake unaungojea ujira ule.

Tulizungumza mpaka jioni. Wengi walipatana kwamba shirika litunze kopo moja zima, na kibarua alipwe kwa hilo siku ile ile. Mwenye shamba asiyeweza kulipa hivyo aseme asubuhi, kabla jembe halijainuliwa. Wachache walikataa, wakaenda zao.

Juma la kwanza mama yule hakuitwa na mtu. Mashamba mengine yaliita vibarua wawili mahali pa watatu. Siku ya nne jirani yake mjane, mwenye kishamba kidogo cha mihogo, alimwita, akampimia kwa kopo zima, nao wakapika sombe pamoja.

Jumapili kikapu cha matoleo kilikuwa chepesi kuliko siku zote. Mwenye kutunza kitabu aliniuliza aandike nini. Nikamwambia aandike kilichomo.